Chini Thelathini, Juu Kumi na Mbili

Jumamosi, 18 Novemba 1995

Kawangware, ukumbi wa kanisa nyuma ya soko. Phanice, mdogo wangu, amenisumbua wiki tatu: njoo umwone Dairekta. Leo nimemwona.

Watu arobaini na mmoja kwenye mabenchi. Nimehesabu mara mbili. Mafundi, mama mboga, vibarua wa Industrial Area. Nusu ni majirani wa Phanice kule mtaa wa mabanda wa Lindi, nusu ni wa hapa Kawangware. Wote wamevaa kama Jumapili. Ukutani kuna picha ya mlima mweupe, imekatwa kwenye kalenda. Kando yake kipande cha gazeti ndani ya fremu ya kioo. Nimesogea kusoma. Jina langu!

Mistari kumi na minne. Tarehe 14 Julai, ukurasa wa tisa: Wakenya hamsini watapata kazi katika hoteli za theluji huko Uswisi. Niliiandika alasiri moja, kwa simu moja, kuziba nafasi iliyobaki juu ya tangazo la sabuni. Mtu wa pili sikumpigia. Miaka ishirini na mbili ya kazi, na hiyo ndiyo habari pekee ambayo sikuithibitisha. Nilikuwa nimeisahau. Yeye ameitia fremu.

Dairekta anaitwa Ishmael. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa, mkoba mweusi wa ngozi. Ndani ya mkoba – pasipoti zao. Kila mtu amemkabidhi yake “ya kugongwa viza”. Phanice aliifukuzia yake miezi kumi na moja. Pasipoti ina soko la magendo pale River Road, sitaki hata kufikiria bei.

Saa nne, ripoti ya theluji. Huisoma kila Jumamosi, kama matangazo ya kanisa. Anaweka mkoba kitini – ndiyo mara moja tu unamtoka mkononi, maana karatasi ya faksi hujikunja na inataka mikono miwili.

“Grauenalp. Bonde, sentimita thelathini. Kilele, sentimita kumi na mbili. Haitoshi, ndugu zangu. Hoteli hazifunguliwi mpaka bonde lifike themanini. Ndege iko. Viza iko. Kazi iko. Theluji ndiyo haiko.”

Mama mmoja nyuma: wiki jana si ilikuwa thelathini na tano?

“Imeyeyuka, mama. Jua.”

Kisha wamesimama kuomba. Fundi mmoja ameongoza kwa sauti ya kutetemesha mabati: Baba, uliyewashushia Waisraeli mana, washushie Waswisi theluji! Amina! Phanice amefumba macho na machozi yanamtoka. Theluji pekee anayoijua ni ile ya friji ya bucha.

Nimeandika kila namba. Kuna kitu hakikai sawa katika namba hizo. Sijakiona bado.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimekiona.

Nilimuuliza Githinji wa dawati la kigeni kama mashine ya habari za ng'ambo huleta mambo ya theluji. “Sella, unazeeka ama unahama?” Kumbe huleta. Kila siku saa nane mchana, tangu mwezi uanze. Nani atazichapisha Nairobi? Yeye huzifungia mandazi.

Tumechakura kapu lake la taka. Ya Jumamosi tumeipata, ina mafuta, lakini inasomeka. GRAUENALP 85/210. Theluji ya unga mkavu. Lifti za kupandisha watu mlimani zinazofanya kazi, 14 kati ya 16. Githinji amenieleza: namba ya kwanza ni bonde, ya pili ni kilele.

Themanini na tano chini. Mia mbili na kumi juu. Juu ndiko kwenye nyingi! Juu ndiko kwenye baridi. Mlima Kenya weupe wake uko kileleni, hauko chini Nanyuki. Ishmael ametunga namba zake kwa akili ya Lindi. Lindi kila kitu hushuka – tope, maji ya kufulia, karatasi, takataka – na kina kikubwa kiko chini, mtoni. Basi na theluji vivyo hivyo: chini thelathini, juu kumi na mbili. Watu arobaini na mmoja wamesikia na hakuna aliyeshtuka. Hata mimi. Sasa naishi Highrise na nina balkoni, lakini nililala Lindi miaka tisa, na miguu yangu bado inaamini kwamba kila kitu huishia bondeni.

Nimecheka peke yangu mezani. Halafu sikucheka tena.

Jumanne, 21 Novemba

Ndinda wa swichibodi amenipatia laini ya Uswisi. Kwanza mashine: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano, kisha Kiingereza. 90/215. Nimeisikiliza mara mbili.

Halafu ofisi ya wageni ya pale pale, mama mmoja mpole. Hoteli zimefunguliwa tarehe 11. Wafanyakazi walitimia Oktoba. Ishmael hamjui. Kutoka Kenya hawajapokea barua yoyote, si mwaka huu, si mwaka jana. Nimemwomba ataje jina lake herufi kwa herufi. Nimemwomba arudie. Sasa nathibitisha!

Githinji: basi si uandike, dada, unangoja nini?

Nikiandika leo, kesho atawaambia faksi ilikuwa na makosa, nao watamwamini. Wanampenda. Uongo mmoja ni kosa la karatasi. Mara tatu ni tabia. Namtaka asome mbele yao mara mbili zaidi.

Hiyo ndiyo sababu niliyompa Githinji. Humu hakuna anayesoma, naweza kuandika ile nyingine. Gazeti litamtaja jina na yeye atalisoma akiwa amekaa mahali, anakunywa chai. Hainitoshi. Nataka awe amesimama. Nataka awaone watu wale wakimwona. Nami niwe karibu, niweze kusoma uso wake bila miwani.

Alhamisi, 23 Novemba

Lindi, karakana ya Mukhwana. Ndiye aliyeomba mana siku ile. Seremala, jirani yake Phanice.

“Sella, kuja uone kitu safi.”

Ametengeneza ski za kutelezea thelujini. Jozi moja, za mbao ya saiprasi, kwa kutazama picha ya kalenda. Ncha amezipinda kwa mvuke wa sufuria ya githeri. Gambuti amezipigilia misumari juu. Chini amepaka polishi ya sakafu, ile nyekundu. Nimepitisha mkono. Ncha mbili zinalingana kabisa. Kitanda cha mteja kimelala pembeni bila miguu, wiki ya pili sasa.

Dairekta amemwahidi kazi ya kutengeneza ski za wageni. “Wazungu si wanaanguka? Zikivunjika lazima fundi awe.” Mkewe anamcheka: Mukhwana, wewe na barafu mmejuania wapi?

Nimekunywa chai yake nusu saa nzima. Ninajua, yeye hajui. Chai ilikuwa na tangawizi.

Jumamosi, 25 Novemba

Kawangware. Watu arobaini na sita – wanaongezeka! Watano wapya wamekabidhi pasipoti mbele yangu. Anazipokea kwa mikono miwili, kama sadaka.

Alivyosoma: bonde ishirini na nane, kilele kumi.

Ya mashine ya Githinji: 105/230.

Baada ya maombi amenijia mwenyewe. “Madam Sella! Kalamu yako imetufikisha hapa. Bila wewe watu wangeniita conman.” Ananishika mkono, hauachii. Marashi mengi.

Nimemuuliza, kwa upole kabisa, kwa nini bondeni kuna theluji nyingi kuliko kileleni.

Amegeukia watu kwanza, ili wasikie. “Madam, theluji si ni maji? Maji hupanda mlima? Lazima iteremke, ijae chini. Ama jiografia ulifundishwa na nani?”

Wamecheka. Mimi pia nimecheka. Nimeandika maneno hayo yote, saa nne na dakika arobaini, mashahidi arobaini na sita. Sijawahi kupewa zawadi iliyofungwa vizuri hivi.

Kisha mazoezi. Kuna mteremko wa nyasi kuelekea Riruta Satellite, wanaumwagia maji. Mukhwana ametangulia na ski zake. Mita kumi na moja – nimezipima kwa hatua – halafu ua wa mtu, halafu nguo za mtu zilizoanikwa. Shangwe! Vijana ng'ambo ya barabara: “Oyaa, Father Krismasi! Niaje!” “Mkifika mtutumie barafu ya soda!” Mukhwana ametoka na blauzi ya kike shingoni, mikono juu kama mshindi.

Phanice ameanguka mara mbili. Alikuwa anacheka mpaka amekaa chini. Hajacheka hivyo tangu tumzike mama.

Ishmael alikuwa amesimama kando na mkoba wake, akimtazama anavyocheka. Akatabasamu. Nimeliweka hilo nalo akiba.

Jumapili, 26 Novemba

108/232.

Jumatatu, 27 Novemba

118/240. Theluji zaidi inatarajiwa. Githinji ananiletea mwenyewe sasa, bila alama ya mandazi.

Jumatano, 29 Novemba

Siku mbaya.

Ishmael ametuma neno jana jioni, mlango kwa mlango. Theluji imeanza kuanguka. Jumamosi anataka watu hamsini kamili na pasipoti hamsini. Jumatatu, ndege. Aliye kazini aage.

Yaani Jumapili atakuwa amepotea. Hamsini ndiyo idadi aliyokuwa anaingojea, si theluji.

Phanice ameaga. Amepikia watoto wa chekechea moja kule Riruta miaka tisa. Asubuhi amemwambia mwalimu mkuu, mchana aproni yake ilikuwa kiunoni mwa mtu mwingine. Nimefika kwake Lindi saa kumi. Alikuwa anakunja mapazia.

Nimemwambia. Namba zote, mama wa Uswisi, lifti kumi na nne. Amesikiliza na pazia mkononi.

“Ulijua lini?”

“Jumatatu ya wiki jana. Tarehe ishirini.”

Amehesabu kwa vidole. “Siku tisa.”

“Nilitaka nimkamate vizuri.”

“Sasa umekamata nani? Si ni mimi niko hapa bila kazi?”

Nimeuliza watu maswali maisha yangu yote; hilo nimeulizwa mimi.

“Na si wewe uliandika?”

“Mistari kumi na minne,” nimesema. Ujinga.

“Mimi sijui mistari. Mimi nilisoma jina. Mukhwana alikuwa anakataa, anasema hiyo ni kamari. Nikamwambia, dada yangu haandikangi uongo.”

Amekunja pazia, amelikunjua, amelikunja tena. Nilidhani atanifukuza. Badala yake ameniwekea uji.

“Usiandike kesho,” amesema. “Akisoma gazeti anapotea na kitabu changu cha pasipoti. Mimi sina haja ya jina lake kwa gazeti. Nataka kitabu changu. Halafu nataka nimwone.”

“Mimi pia nataka nimwone.”

“Wewe ulikuwa na siku tisa za kumwona.”

Nimekunywa uji wote.

Alhamisi, 30 Novemba

Mhariri amesoma habari yangu. Ameipenda. Swali lake la kwanza: umempigia mwenyewe? Lazima aseme upande wake. Kanuni ni kanuni, hata mimi nimewafundisha vijana hapa kanuni hiyo. Lakini nikimpigia simu leo, kesho mkoba uko Namanga, mpakani.

Nimesema nitamuuliza Jumamosi, saa nne, mbele ya watu hamsini.

“Sella, hiyo si habari. Hicho ni kisasi.”

Nimesema namba ni zilezile.

Kisha akauliza: na ile yako ya Julai? Itaje, aya ya pili au ya tatu. Nimesema tutaona.

Mchana nimempeleka Phanice polisi. Afisa wa zamu amesikiliza vizuri. Alitaka mlalamikaji, sasa amempata; Phanice ameweka sahihi. Watatuma watu wawili Jumamosi saa tano. Nimeomba saa nne. Saa tano, amesema.

Basi saa moja nzima ni yetu. Ishmael asitoke ukumbini, na mkoba usitoke.

Ijumaa, 1 Desemba

Phanice amekuja Highrise baada ya chakula cha mchana. Bado hanitazami sana, lakini amekuja na mpango, na mpango wake ni mzuri kuliko wangu. Wangu ulikuwa kusema. Wake ni kukaa.

Atakaa benchi la mbele, karibu na kile kiti. Ishmael akiweka mkoba akunjue karatasi, Phanice atahamia kitini na kuukalia. Sketi pana, ile ya harusi ya Jael, binamu yetu. “Anitoe hapo kama anaweza. Mimi ni kilo themanini na mbili.” Tumecheka kidogo. Mara ya kwanza tangu juzi.

Mukhwana anajua. Amemwambia yeye tu. Alichukua randa, akaimalizia ile miguu ya kitanda cha mteja yote minne. Kisha akauliza mlango wa ukumbi unafungukia ndani au nje.

Ndani.

Nimepiga chapa safu mbili. Kushoto, alivyosoma Ishmael. Kulia, ilivyokuwa mlimani. Tarehe 18: 30/12. 85/210. Tarehe 25: 28/10. 105/230. Chini nimeweka maneno yake kuhusu maji kutopanda mlima, pamoja na saa. Ukurasa mzuri. Nitausoma polepole. Baada ya kila namba nitanyamaza, nimwache aisikie ikitua. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, mwanamke wa miaka arobaini na saba! Sioni aibu.

Nimetoa ile ya Julai kwenye maktaba ya gazeti. Mistari kumi na minne. Nimeisoma tena. Imeandikwa vizuri, hilo ndilo linaloudhi. Sitaibeba. Kesho ni siku yake, si yangu.

Jumamosi, 2 Desemba

Saa tatu na dakika arobaini. Naandikia ukumbini, benchi la pili, daftari magotini. Mikono imetulia. Watu wanaingia na masanduku! Hawajaambiwa waje na masanduku, wamekuja nayo. Mama mmoja amevaa makoti mawili.

Saa nne kasoro tano. Hamsini na mmoja, pamoja nami. Mukhwana amekuja na ski zake begani na watu wamempigia makofi. Amekaa nyuma kabisa, mlangoni. Phanice mbele. Sketi ya harusi.

Saa nne na dakika nane. Ishmael ameingia. Tai mpya. Ameninyooshea kidole gumba. Nimemnyooshea changu.

Saa nne na kumi na mbili. Anapokea pasipoti za mwisho. Hamsini. Mkoba haufungi vizuri, ameubana kwa goti.

Saa nne na kumi na saba. Ameuweka kitini. Ametoa faksi, inajikunja, anaikunjua kwa mikono miwili. “Ndugu zangu. Leo ni leo.” Phanice ameinuka, ameitengeneza sketi yake, amekaa. Hakuna aliyeona. Mkoba hauonekani hata ukingo.

Nyuma yangu mbao zimegonga mbao. Mukhwana amezisimamisha ski zake, ncha sakafuni, visigino chini ya kitasa. Amezikaza kwa teke; mlango hautafunguka.

Sasa Ishmael anasema leo hatasoma yeye. Leo atasoma aliyetuandika wa kwanza, aliyetuamini kabla ya wote. Anataja jina langu. Lote, kama lilivyo kwenye fremu. Wanapiga makofi. Wanageuka kunitazama, makoti na masanduku na yote. Phanice hapigi makofi. Ananitazama vilevile alivyotazama lile pazia.

Karatasi ya Ishmael iko mkononi mwangu. Bonde themanini na moja, kilele arobaini. Hata leo chini ndiko kwenye nyingi!

Saa nne na dakika ishirini na mbili. Polisi saa tano.

Nina karatasi tatu. Ya kwake. Ya safu mbili. Na ile ya Julai – nilikuwa nimeshafunga mlango wa nyumba nikarudi kuichukua.

Ishmael anatabasamu. Anasema, soma, Madam, soma kwa sauti wasikie mpaka nyuma.

Nasimama. Naanza na ya Julai.